Mchango wa Harusi na Mchango wa Yatima

Msimu wa harusi ukifika Bagamoyo, pesa zinatembea. Dereva wa bajaji wa Magomeni, dada anayekaanga samaki ufukweni karibu na jengo la forodha la Wajerumani, fundi cherehani wa Majani Mapana, mwalimu wa shule ya msingi: kila mmoja ana kadi mbili tatu za mchango, singo elfu hamsini, dabo laki moja, na kila mmoja atajikamua mpaka zipatikane. Kamati ya watu wa kipato cha kawaida hukusanya mamilioni ndani ya wiki chache, bila ofisi, bila andiko la mradi, bila mtaalamu kutoka Dar. Mtaa huohuo una kituo kidogo cha watoto ambacho ikifika mwisho wa mwezi uji unanywewa bila sukari. Muulize mwenye kituo kwa nini hawaendei majirani, atakujibu bila kufikiri: watu wetu hawajazoea kutoa.

Jibu hilo silikubali hata kidogo. Watu wanaotoa kila wiki, harusini, msibani, msikitini na kanisani, hawawezi kuitwa wasiozoea kutoa. Kinachohitaji maelezo ni kwa nini utoaji wote huo unapita mbele ya geti la kituo bila kupiga hodi. Maoni yangu ni kwamba kituo chenyewe hakijawahi kuwa mwanamtaa. Kimekuwa kikiomba kama mgeni, na kinapewa kile anachopewa mgeni: tabasamu, kikombe cha chai na kwaheri.

Angalia kamati ya harusi inavyofanya kazi, maana tumeizoea mno hata hatuioni. Kwenye kundi la WhatsApp kuna orodha: namba, jina, ahadi, alichotoa, salio. Mtu akituma pesa, anarusha ule ujumbe wa "Imethibitishwa" kundini. Dakika chache baadaye mweka hazina anapandisha orodha nzima upya, alama ya vema imekaa mbele ya jina, na chini yake neno fupi: "Ahsante shemeji, Mungu akuzidishie." Hadi jioni orodha imepanda mara tano. Aliyeahidi na hajatoa anajiona mwenyewe, hakuna haja ya kumsema. Ikifika Jumapili, kikao kinakaa na bajeti inawekwa mezani: ukumbi, chakula, mapambo, matarumbeta, MC. Yeyote aliyechanga, hata kama ni elfu kumi, ana haki ya kuuliza kwa nini keki imekuwa ghali kuliko mbuzi. Tena bwana harusi hashiki senti. Anayeoa ni yeye, wanaotumia pesa ni kamati.

Kituoni mambo yamegeuzwa. Mwanzilishi ndiye anayeomba, namba ya simu ya kutumia pesa ni yake binafsi, anayenunua ni yeye, anayeshukuru ni yeye. Aliyetoa elfu ishirini mwezi wa tatu hajui kama zilinunua madaftari au zilijaza mafuta kwenye pikipiki. Atakachosikia tena kutoka kituoni ni ombi jingine. Sisemi kwamba mwanzilishi anakula. Wengi wa akina mama wanaoendesha vituo hivi wameuza mpaka dhahabu zao ili watoto wale. Ila mtaani ukimya kuhusu pesa una tafsiri moja tu, nayo sote tunaijua.

Hata hivyo tusiisifu kamati ya harusi kupita kiasi. Orodha ile inaendeshwa na deni. Ninakuchangia kwa sababu jana ulinichangia, au kwa sababu mwakani binti yangu ataolewa. Kuna akina mama wana daftari kabisa: nani alitoa nini kwenye sendofu ya nani. Chama cha kufa na kuzikana kinakwenda hivyohivyo. Asiyeonekana kwenye misiba ya wenzake, siku yake ikifika watakuja wachache na wataondoka mapema. Sasa mtoto aliyefiwa na wazazi hana harusi ya kunialika, wala hana mchango atakaonirudishia. Hayumo daftarini. Ndiyo maana mchango wake tumeuhamishia kwenye fungu lingine, fungu la sadaka, ambako malipo yako kwa Mungu. Na sadaka, pamoja na utukufu wake, ina tabia mbili zinazomsumbua mwenye kituo: haidai hesabu, na inakuja kwa msimu.

Msimu mkubwa ni Ramadhani. Kuanzia kumi la kwanza magari yanapishana: mchele, mafuta ya kupikia, sukari, tende, maharage. Kampuni, wanasiasa, vikundi vya wanawake, wafanyakazi wa ofisi fulani, wote wanakuja kukabidhi. Magunia yanapangwa mbele, watoto wanasimamishwa nyuma, picha inapigwa. Kwa wiki nne kituo kina chakula kingi kuliko stoo yake. Baada ya Idi haji mtu, isipokuwa fukusi kwenye mchele uliobaki. Halafu Januari shule zinafunguliwa. Ada ya shule za msingi na sekondari za serikali ilishaondolewa, lakini sare, viatu, begi na madaftari bado vinamsubiri mlezi, na mlezi mwenye watoto ishirini anavinunua mara ishirini. Hapo sasa hakuna aliye kwenye msimu.

Kuna hesabu ya kalenda ambayo wenye vituo wangepaswa kuikalia kikao mapema. Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2028 itaanza mwishoni mwa Januari, 2029 katikati ya Januari, na 2030 itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Mwenye kituo anaweza kuona ni bahati, msimu wa kupewa umekutana na msimu wa mahitaji. Mimi naona kinyume. Katika miaka hiyo familia inayofunga itakuwa inatafuta futari, nguo za Idi na sare za shule kutoka mfuko mmoja, tena ule mfuko wa Januari ambao hata bila Ramadhani hauna kitu. Mtoaji mdogo, yule wa elfu mbili, ndiye atakayebanwa zaidi. Watakaobaki ni wale wenye magari na wapiga picha.

Bagamoyo, kwa upande mwingine, ina historia ndefu ya watoto wanaolishwa na watu wa mbali. Mgeni akipelekwa misheni ataonyeshwa mahali mwili wa Livingstone ulipolazwa mwaka 1874. Pengine ataambiwa pia kwamba mapadre wa Roho Mtakatifu walikuja hapa kutoka Zanzibar mwaka 1868, na kwamba walikuwa wakinunua watoto kwenye soko la watumwa ili kuwakomboa. Pesa ya kuwanunua ilitoka wapi, hilo huelezwa mara chache. Misheni ile ilitegemea sana vyama viwili vya Ufaransa. Cha kwanza kilianza Lyon mwaka 1822, kwa wazo la Pauline Jaricot, binti wa mfanyabiashara wa hariri: kila mtu atoe sarafu moja ndogo kwa wiki, kila watu kumi wawe na mkusanyaji wao, na wakusanyaji kumi nao wawe na wa kwao. Cha pili kilianzishwa mwaka 1843 na Askofu Forbin-Janson kwa ajili ya watoto. Mtoto wa Ulaya alitoa sarafu moja kwa mwezi na kumwombea mtoto wa mbali. Ni Utoto Mtakatifu, chama ambacho mpaka leo watoto wa parokia zetu ni wanachama wake.

Kwa ufundi wa kukusanya, sijui mpango ulioupita ule. Pesa kidogo, mara kwa mara, mkononi mwa mtu unayemfahamu: kikoba chochote cha leo kinakwenda kwa misingi hiyohiyo. Lakini ufundi ule ulikuwa na gharama yake. Watoaji wa Lyon na Paris walitaka habari, wamisionari wakaandika barua, barua zikachapishwa na kusomwa, na kadiri kisa cha mtoto kilivyosikitisha ndivyo kilivyofaa kuchapishwa. Wenyeji wa mji waliokuwa wakiishi jirani na misheni mpango haukuwahesabu kama watoaji. Zaidi ya miaka 150 imepita, na nikiangalia mabango ya vituo kando ya barabara yameandikwa kwa Kiingereza juu mpaka chini, najua barua bado zinaandikwa kwa watu walewale.

Bango hilo lina kazi kubwa kuliko mwenyewe anavyodhani. Jirani akiona jina la Kiingereza na bendera ya nchi ya mbali anaelewa kwamba hapa pana mwenyewe. Julai na Agosti, likizo za Ulaya, vijana wa kujitolea wanajaa, watoto wanaimba nyimbo za kukaribisha wageni, na jirani anahitimisha: hawa wana wafadhili wao, elfu mbili yangu itawafanyia nini? Usimwite mchoyo, amepiga hesabu. Tuliona jambo kama hilo Januari 2016 elimu bila malipo ilipoanza. Serikali iliposema inalipa, wazazi wengi waliacha hata michango ya chakula cha mchana shuleni, na walimu wakuu wanajua kazi waliyopata kuwarudisha. Watu huchangia pengo wanaloamini ni lao.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wetu wa Julai anashika jembe wiki mbili, anapiga nalo picha, anakwenda zake. Aprili 2020 ndege za kimataifa ziliposimamishwa kwa sababu ya korona, wale waliotegemea msafara wake walibaki na vyumba vya wageni vitupu na watoto walewale. Mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, waliotikisika zaidi ni mashirika makubwa, na vituo vidogo vilishusha pumzi kwamba safari hii haikuwa zamu yao.

Basi mtoto ambaye hayumo daftarini anaingizwaje? Kwa kuwa yeye hawezi kurudisha, kituo kirudishe kwa niaba yake. Nitalisema waziwazi: kituo kizike. Jirani akifiwa, mlezi wa kituo awepo siku ya kwanza, kanga kiunoni, anaosha masufuria na wenzake. Vijana wakubwa wabebe viti na kuteka maji. Kituo ambacho kina turubai, viti vya plastiki na masufuria makubwa kina vitu ambavyo mtaa unavitafuta kila wiki na kuvikodi kwa pesa, kiviazimishe bure. Ikija harusi, jina la kituo liwemo kwenye ile orodha, hata kwa elfu kumi, na alama yake ya vema.

Najua mhasibu atauliza elfu kumi hiyo inaingia kifungu gani. Mfadhili wa nje hatakubali pesa ya watoto inunue pilau ya harusi, na ana haki kabisa. Itoke kwenye michango ya wenyeji, wao wenyewe wakiwa wameridhia, na iandikwe kwenye hesabu bila kufichwa chini ya "matumizi mengine". Kwangu mimi hiyo ndiyo pesa itakayozaa kuliko nyingine yoyote ambayo kituo kitatumia mwaka mzima.

Kuna sababu nyingine nzito kuliko pesa. Mtoto aliyelelewa ndani ya uzio akifikisha miaka 18 anatoka na cheti, pengine na ujuzi wa umeme au ushoni, lakini hana watu. Akitaka kuoa, nani atapeleka posa? Binti akiposwa, mahari inapokelewa na nani, na nani ataulizwa habari za tabia yake? Akitafuta kibarua, nani atasema "huyu namjua, ni mtoto wetu"? Maisha ya pwani hayaendi bila mambo hayo. Kwa hiyo tunapozungumza kuhusu kujenga kundi la watu wanaokiunga mkono kituo, tusifikirie tu kapu la kukusanyia mchele. Wale watu mia wa mtaani wanaomjua kwa jina, waliomwona akibeba viti msibani, ni kitu anachokihitaji mwenyewe, na hakuna kontena lolote la misaada linaloweza kumletea.

Wa kuanza nao ni nani? Vituo vingi vinakimbilia tajiri: mwenye hoteli, mbunge, mfanyabiashara wa Kariakoo mwenye kwao Bagamoyo. Ningewaacha kwanza. Ningetafuta watu kumi ambao tayari wanashika pesa za watu na mtaa umeshawapima: mweka hazina wa kikoba, katibu wa kikundi cha wavuvi, mwenye genge, kiongozi wa kituo cha bajaji, mwalimu mstaafu, mtu mmoja wa msikitini na mmoja wa jumuiya ndogondogo. Kila mmoja awe na watu wake kumi, na kila mtu atoe elfu mbili kwa mwezi. Hiyo ni laki mbili. Haiwalishi watoto thelathini hata kwa wiki moja, na anayewaambia wenye vituo kwamba michango ya wenyeji itachukua nafasi ya mfadhili kesho asubuhi anawapoteza. Inachonunua laki mbili hiyo ni haki ya watu mia kuuliza. Mtu akishatoa elfu mbili yake ataangalia geti lile kwa jicho lingine. Akisikia mtoto wa kituo hajaenda shule siku tatu, litakuwa linamhusu.

Na watu wakishahusika, pesa taslimu inakuwa ndogo kuliko vingine vinavyokuja. Nenda mnadani ufukweni asubuhi mashua zinapoingia. Dalali amesimama juu ya mafungu, mchanga umelowa, wakaangaji wamemzunguka na ndoo zao, bei inapanda kwa mia tano mia tano mpaka mmoja anainama kubeba. Pembeni kuna watu ambao hawanunui. Wapo waliosaidia kuvuta mashua, wanasubiri kitoweo chao. Wapo wazee na vikapu vidogo, wanajulikana, na mvuvi anayepata kitu hawapiti bila kuwatupia samaki wawili watatu. Hakuna aliyewaandikia mradi wazee wale. Wana kapu, na wanaonekana. Kapu la kituo halijawahi kuwepo pale, kwa sababu hakuna mtu wa mnadani aliyewahi kuwa kwenye kamati ya kituo. Akiwepo mmoja, atalipeleka yeye mwenyewe Ijumaa, bila kumtuma mtoto, na ndoo ya vibua itapatikana siku nyingi kuliko itakavyokosekana. Kwa njia hiyohiyo fundi cherehani anaweza kushona sare mbili kila muhula, bodaboda anaweza kuahidi safari ya hospitali ya usiku, wanafunzi wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, wanaweza kuja Jumamosi kufundisha ngoma. Chuo kile kipo hapa tangu 1981 na vijana wake wanatafuta watu wa kuwafundisha.

Kuhusu namna ya kupokea pesa sitakaa sana. Tangu M-Pesa iingie nchini mwaka 2008 kutuma kumekuwa rahisi, lakini pesa ya kituo kuingia kwenye simu ya mwanzilishi ni kosa hata akiwa malaika, kwa sababu inachanganyika na ada ya mwanawe na vocha yake. Kuna huduma za vikundi, kama M-Koba iliyokuja mwaka 2019, ambazo pesa inaonekana kwa wanakikundi. Na kwa elfu mbili, mkusanyaji kupita mkononi bado kuna faida yake: makato hayali mchango, na lazima waonane.

Taarifa ndiyo roho ya jambo lote. Sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya mwaka 2002 inalitaka shirika litoe taarifa ya mwaka kwa msajili, na wengi wanaandika, kwa Kiingereza kizuri, na inaishia serikalini. Mtaa haujawahi kuiona. Ninayoizungumzia ni nusu ukurasa kwa mwezi, kwa Kiswahili, inayosomwa kwa sauti kwenye kikao na kubandikwa getini: kimeingia nini, kimetoka nini, kimebaki nini, na nini kimeharibika. Hiyo ya mwisho isiachwe. Mchele ulioliwa na fukusi uandikwe. Mlezi aliyeondoka kwa sababu mshahara ulichelewa miezi miwili aandikwe. Mshahara wenyewe uandikwe, maana watu wetu wana ugonjwa wa kudhani anayelea watoto usiku na mchana anaishi kwa dua. Na kanuni yangu ni kwamba taarifa tatu zitangulie kabla ya ombi moja.

Sasa picha. Ukitaka kujua kituo kinamwona mtoto kama nani, tazama picha zake. Kuna ile ninayoiona mara nyingi: mtoto wa miaka minane, sare imechanika begani, uso karibu kabisa, na maneno chini yake yanayotaja jina lake, kijiji chake, na ugonjwa uliomuua mama yake. Imetumwa ili watu wa mbali waguswe. Lakini Bagamoyo ni mji mdogo. Picha ile itafika kwenye simu ya mama wa mwanafunzi mwenzake kabla ya jioni, na kesho darasani mtoto ataitwa kwa jina la ugonjwa ule. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ipo, na wenye vituo wanapaswa kuisoma. Hata isingekuwepo, kwa kundi la mtaani picha ile haina kazi. Jirani hahitaji kuonyeshwa umaskini. Anaujua, pengine anao. Anachotaka kuona ni risiti ya duka la sare, na rundo la sare zenyewe juu ya meza.

Kundi la wenyeji lina sumu zake pia, tusilipake rangi. Mjumbe atataka mpwa wake aingizwe kituoni ilhali baba yake yupo na ana duka. Mwaka wa uchaguzi utamleta mgombea na magunia yake na fulana zake. Wawili watagombana kwa jambo la harusini na ugomvi utahamia kwenye kikao cha watoto. Dawa yake haina siri: vigezo vya kupokea mtoto viandikwe na afisa ustawi wa jamii awemo kwenye uamuzi, mgombea apokelewe kama mtu yeyote ila bila fulana na bila watoto kupangwa mstari, na wagombanao wapatanishwe na wazee kama inavyofanyika siku zote. Mwanzilishi ndiye atakayeumia zaidi, kwa kuwa amezoea kuamua peke yake. Kamati yenye nguvu itamkatalia mambo, mengine mazuri.

Wa mbali wasifukuzwe. Wapewe taarifa ileile ya nusu ukurasa, takwimu zilezile, ikiwa imetafsiriwa kutoka Kiswahili. Ila ipo siku wa mbali na wa karibu watataka vitu tofauti, na kwa kawaida kitu chenyewe huwa bweni. Rafiki wa Ulaya amechangisha kwao, anataka jengo lenye kibao na tarehe. Kamati, ikiwa imekaa na afisa ustawi, inafahamu kwamba watoto wengi wa vituoni wana bibi, shangazi, hata mama aliye hai, na kilichowatoa nyumbani ni umaskini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka makao ya watoto yawe na leseni, na miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka huohuo inataka mtoto abaki kwa ndugu kwanza, makao yawe ya mwisho. Shangazi wa Kiromo akipata unga, sare za mtoto na kitu kidogo cha mwezi, anaweza kumchukua. Hakuna utepe wa kukata hapo, wala kibao cha kutundika. Mwanzilishi atajikuta katikati, na hofu yake ninaielewa, kwa sababu bweni likikataliwa huenda rafiki akaondoka na vyote.

Mimi ningeiachia kamati ndiyo imwandikie yule rafiki, kwa majina yao na saini zao kumi: tunampelekea shangazi huyu unga kila mwezi, tunachanga kiasi hiki, kinapungua kiasi hiki, je, utaongezea? Anaweza kukubali. Akikataa, bweni halitajengwa, na mwisho wa mwezi yule mwenye genge atafunga unga kwenye mfuko, ataupakia kwenye bajaji na kuupeleka Kiromo.